Krenki fupi kwenye baiskeli: maswali yenu na majibu yetu

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: kuondoa mikono ya pedeli, yaani krenki, na kuweka mifupi zaidi. Tumechagua sita. Wengi walioandika wamepima vibaya, kwa hiyo tuanzie hapo. Urefu wa krenki ni kutoka katikati ya tundu la pedeli hadi katikati ya ekseli, yaani mhimili unaopita ndani ya fremu, si kutoka ncha hadi ncha. Namba huwa imegongwa upande wa ndani wa mkono, karibu na tundu la pedeli: 165, 170, 172.5 au 175, zote kwa milimita. Kama imeliwa na kutu, chukua rula.

Ndugu wahariri, habari za kazi. Nina baiskeli ya mbio ya mtumba yenye krenki za 172.5. Urefu wangu ni sentimita 163, na mguu kwa ndani, kutoka sakafuni hadi msamba, ni 74. Nikipanda mlima wa Menengai goti la kulia linauma mbele, kwenye pia ya goti. Nikishika usukani wa chini mapaja yanagonga tumbo, na kitambi sina. Wenzangu wananiambia niweke 165. Milimita saba na nusu zinaweza kubadilisha nini?
*Msomaji, Nakuru*

Zinabadilisha zaidi ya unavyodhani, lakini kabla ya kununua chochote angalia kiti. Goti linalouma mbele mara nyingi ni la mtu aliyekaa chini mno. Egemea ukuta ukiwa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke, nyonga isiinamie upande mmoja. Ukikuta goti bado limekunjika, pandisha kiti na uendeshe wiki mbili. Huenda ukapona bila kutoa hata shilingi.

Kama kiti kiko sawa na maumivu yapo palepale, tatizo liko juu ya mzunguko. Krenki ya 172.5 huinua unyayo milimita 345 kutoka chini hadi juu. Ya 165 huuinua 330. Ukishafunga krenki fupi unapandisha kiti kwa tofauti ileile, 7.5, ili mguu ukifika chini unyooke kama zamani. Maana yake milimita zote 15 ulizookoa zinabaki juu, mahali goti linapokunjika kuliko popote na paja linapolisogelea tumbo. Kwa mguu kama wako goti litakunjika pungufu kwa digrii 2 hadi 3. Si nyingi, ila unazirudia kila mzunguko, mara themanini au tisini kwa dakika.

Kwa maoni yetu, 165 bado ni ndefu kwako. Kuna kanuni ya makadirio inayozidisha urefu wa mguu wa ndani kwa 0.21. Kwa sentimita 74 inatoa 155. Usiichukue kama sheria, lakini inaonyesha upande wa kuelekea. Ukipata 165 za bei nafuu, jaribu nazo. Ukinunua mpya na bei ni moja, chukua 160.

Sasa kazi yenyewe. Tunachukulia kwamba krenki yako ni ya aina ya Shimano yenye ekseli ya milimita 24 iliyoshikamana na mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unabanwa kwa bolti mbili ndogo. Kwa aina hiyo unanunua seti nzima. Usikubali kuuziwa mkono mmoja.

Anza kwa kupima. Shusha pedeli mpaka mkono ufuate mstari wa nguzo ya kiti, kisha pima kutoka juu ya pedeli hadi juu ya kiti. Andika namba hiyo, kwa sababu ndiyo utakayoirudisha mwishoni.

Weka mnyororo kwenye sproketi kubwa ya mbele ili meno yasikuchane vidole, halafu fungua pedeli kwa spana ya 15. Ya kulia hufunguka kinyume na saa, ya kushoto hufunguka kufuata saa. Kwenye mkono wa kushoto legeza bolti mbili kwa aleni ya 5, kwa zamu, nusu mzunguko hapa na nusu kule. Fungua kifuniko cha plastiki kwa kifaa chake, inua kibati kidogo cha usalama kilicho kwenye mwanya, na mkono utatoka. Gonga ekseli kwa nyundo ya mpira kutoka kushoto, itokee kulia.

Safisha, paka grisi ekseli nzima, rudisha. Kifuniko cha plastiki kinakazwa kwa vidole tu, mpaka mchezo wa kulia na kushoto uishe. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: wakikikaza kwa nguvu, beringi zinabanwa na zinakufa mapema. Bolti mbili zinakazwa kwa zamu hadi Nm 12 mpaka 14 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Pedeli zipakwe grisi kwenye tredi, yaani mistari ya skrubu, na zikazwe Nm 35 hadi 40.

Rudi kwenye kiti na urudishe ile namba uliyoandika. Kutoka 172.5 hadi 160 kitapanda milimita 12.5. Kwa kuwa nguzo imelala, kupanda huko kutakirudisha kiti nyuma karibu milimita 4. Unyayo nao, mkono wa pedeli ukielekea mbele, umerudi nyuma 12.5. Wapo watakaokuambia urudishe kiti nyuma tofauti yote iliyobaki. Sisi tunasema anza na milimita 5, kwa sababu mtu mfupi akirudishwa nyuma sana usukani unakuwa mbali. Usukani wenyewe umeshakuwa chini kuliko kiti kwa milimita 12.5 zaidi. Kama una pete za ziada juu ya shingo ya usukani, hamishia moja ya sentimita chini yake. Kama huna, endesha kwanza. Wengi hawahitaji, kwa sababu nyonga imepata nafasi juu.

Mwisho ni gia. Kwa gia ileile utasukuma pedeli kwa nguvu zaidi, karibu asilimia 8, kwa kuwa mtaimbo umefupika. Kama gia yako kubwa ya nyuma ni ya meno 28, weka kaseti ya 30: inapunguza uzito wa kusukuma kwa asilimia 7, na deni limekaribia kulipwa. Angalia kwanza kama kibadili gia cha nyuma kinakubali 30, maana vingi vya zamani vya mkono mfupi vinaishia 28. Usipobadilisha gia, Menengai itakuwa ngumu zaidi na utazilaumu krenki bure.

Fundi, shikamoo. Nimesikia Pogačar, yule bingwa wa mbio za baiskeli, alifupisha krenki akashinda kila kitu. Nina urefu wa sentimita 181 na ninatumia 175. Nikiweka 165 nitapata nguvu zaidi?
*Mwanafunzi, Arusha*

Marahaba. Nguvu zaidi hutapata. Ni kweli kwamba Tadej Pogačar, mwenye urefu wa mita 1.76, alitoka 172.5 kwenda 165, na mwaka 2024 akashinda mbio za Giro d'Italia, Tour de France na ubingwa wa dunia. Lakini yule angeshinda mengi hata kwa krenki zake za zamani. Alichopata ni nafasi ya kulala chini zaidi dhidi ya upepo bila nyonga kubanwa.

Kuhusu nguvu, kipimo kilichofanywa vizuri ni cha watafiti James Martin na Waneen Spirduso, kilichochapishwa mwaka 2001. Waliwapima waendesha baiskeli 16 waliozoea, kwa krenki za milimita 120, 145, 170, 195 na 220. Nguvu ya juu kabisa ilikuwa kwenye 145 na 170, na kati ya krenki bora na mbaya kabisa tofauti ilikuwa asilimia 4 tu. Fikiria pengo lililopo kati ya 120 na 220, halafu urudi kwenye milimita zako 10. Mwili unafidia: krenki ikifupika, miguu inazunguka haraka zaidi na nguvu inabaki ileile.

Kwa hiyo jiulize kama unabanwa juu ya mzunguko, kama nyonga zinayumba, kama unashindwa kukaa chini kwenye usukani kwa muda mrefu. Kama majibu yote ni hapana, pesa hiyo nunulia tairi nzuri.

Wahariri, mimi nabeba mkaa na magunia kwa baiskeli ya chuma ya kawaida, ya gia moja, krenki za kotapini, zile zinazobanwa kwenye ekseli kwa pini ya chuma. Magoti yananiuma. Krenki fupi zitanisaidia?
*Msomaji, Morogoro*

Kwa mzigo na gia moja, krenki fupi peke yake itakuumiza zaidi. Ukitoka 165 kwenda 152, nguvu ya kusukuma inapanda kwa karibu asilimia 9, na huna gia ya kukimbilia. Tunakushauri ubadilishe gia ya nyuma kwanza. Kama mbele una meno 44 na nyuma 18, weka friwili ya 20: kila msukumo unakuwa mwepesi kwa asilimia 10. Kwenye barabara tambarare utazungusha haraka zaidi, na goti lenye maumivu linapenda hivyo kuliko kusukuma polepole kwa nguvu.

Meno mawili ya ziada yanataka mnyororo mrefu kidogo. Tairi la nyuma litasogea mbele karibu milimita 6 kwenye mwanya wake. Kama hakuna nafasi, ongeza kipande cha mnyororo. Tairi likishasogea, breki za vyuma nazo zirekebishwe, kwa sababu mpira wa breki hautagusa rimu mahali pake pa zamani. Usiondoke kwa fundi bila kuijaribu breki ya nyuma ukiwa na mzigo.

Baada ya hapo, kama bado unataka krenki fupi, zifunge pamoja na friwili ya 20, si badala yake. Kotapini ndiyo kazi inayoharibu baiskeli nyingi za aina yako. Nyundo ikipigwa bila egemeo chini ya mkono, pigo lote linakwenda kwenye gololi na vikombe vyake. Fundi aweke bomba la chuma lililosimama chini ya mkono, kotapini iingie ndani ya bomba. Nati ilegezwe mpaka ilingane na ncha ya pini, isitolewe, ili tredi zisivimbe. Apige mara moja kwa nguvu, si mara ishirini kwa woga.

Pini mpya ziwe za kipenyo kilekile. Nyingi ni 9.5 na chache ni 9. Zigongwe ziingie, halafu nati ikazwe. Nati ni ya kushikilia, haina kazi ya kuvuta pini. Pini mbili huingia kutoka pande tofauti: mkono wa kulia ukielekea mbele angalia nati iko juu au chini, kisha geuza wa kushoto uelekee mbele, nati yake iwe upande uleule. Zikiingia vibaya mikono haikai mstari mmoja na utahisi unachechemea. Endesha kilomita chache, gonga tena, kaza tena. Pini isiyorudiwa hulegea, na ikilegea huliwa.

Fundi wa hapa anasema atatoboa tundu jipya kwenye mikono yangu ya 170 iwe 160. Ni salama?
*Msomaji, Unguja*

Kwa 160 haiwezekani, na fundi anayesema inawezekana hajachukua rula. Tundu la pedeli lina upana wa zaidi ya milimita 14. Ukitoboa jingine milimita 10 kutoka hapo, matundu mawili yanaingiliana. Ili libaki chuma cha kutosha kati yao, katikati ya tundu hadi katikati ya tundu panahitaji milimita 22 hadi 24. Kwa hiyo kutoka 170 unaangukia karibu 147. Kama unataka 147, endelea kusoma. Kama unataka 160, tafuta krenki nyingine.

Mkono utakaotobolewa uwe mzima ndani na mnene. Mikono mingi ya kisasa ya aluminiamu ina uwazi ndani, na ya kaboni isiguswe kabisa. Tundu litobolewe kwa mashine ya kusimama, si dreli ya mkono, kwa sababu likiinama digrii moja tu unyayo utayumba kila mzunguko na goti litalipa. Tredi ni 9/16 yenye meno 20 kwa inchi, na wa kushoto unataka tapu ya kushoto, yaani kifaa cha kuchonga tredi za kinyume. Muulize kama anayo. Mafundi wengi wana ya kulia peke yake.

Ndugu zangu, mwanangu ana miaka 10, urefu sentimita 135. Nimemnunulia baiskeli ya mtumba kutoka Japani, tairi za inchi 24, krenki zimeandikwa 165. Akiendesha anayumba kama bata. Nifanye nini?
*Mama, Mwanza*

Mama, huko kuyumba ni nyonga zinazotafuta nafasi. Kwa mtoto wa urefu huo krenki ya karibu 140 ndiyo inayomfaa. Ila kuna kikwazo: ukitoka 165 hadi 140, kiti lazima kipande milimita 25, na mtoto akisimama hatafika chini. Ndiyo maana tunapendekeza 152. Kiti kitapanda 13 tu, na bado juu ya mzunguko atapata milimita 26. Pia atakua, na 152 itamfaa kwa miaka kadhaa.

Kabla ya kununua, angalia jinsi krenki ilivyofungwa. Kama mikono yote miwili ni chuma kimoja kilichopindwa, kinachopita ndani ya fremu, kinabadilishwa chote na pedeli zake mara nyingi ni za tredi ya nusu inchi. Za 9/16 haziingii. Kama kuna bolti katikati yenye kichwa cha 14, ni ekseli ya pembe nne na inahitaji pula, kifaa cha kuutoa mkono kwenye ekseli. Fundi atoe bolti na washa yake yote, kisha pula iingie mpaka mwisho wa tredi. Washa ikisahaulika ndani, pula inang'oa tredi na mkono hautoki tena bila kukatwa. Wakati wa kufunga, bolti inataka Nm 35 hadi 45, ambayo ni nguvu ya mtu mzima kwenye spana ndefu. Ikiwa legevu, mtoto akiendesha siku mbili tatu, tundu la aluminiamu linaliwa na kuwa mviringo. Hapo hakuna dawa, ni kununua mkono mwingine.

Nilifungiwa krenki za 165 badala ya 175. Baada ya wiki moja pedeli ya kushoto imeng'oka na tredi zake, na nyuma ya goti kunavuta. Kosa ni la krenki?
*Msomaji, Mombasa*

Ni la ufungaji, mara mbili. Pedeli ya kushoto ina tredi ya kinyume na huandikwa L. Ikiwekwa ya kulia upande huo kwa kulazimisha, au ikiingia imeinama, chuma cha pedeli hula aluminiamu ya mkono. Pedeli inapaswa kuingia kwa vidole mizunguko mitatu au minne kabla ya spana kugusa kitu. Mkono wako sasa unaweza kuokolewa kwa bushi ya tredi ikiwa fundi mwenye vifaa yupo karibu. Vinginevyo tafuta mwingine, na hakikisha nao ni 165. Tumeona baiskeli zenye 170 upande mmoja na 165 upande wa pili, na mwenyewe akidhani mguu wake ndio mbovu.

Maumivu ya nyuma ya goti ni kiti kilichopandishwa kupita kiasi. Kutoka 175 hadi 165 kilipaswa kupanda milimita 10, na inawezekana fundi alikadiria kwa macho. Kishushe milimita 3, endesha siku tatu, kishushe tena kama bado kunavuta. Ukishusha zaidi ya 10 kwa jumla na maumivu hayajaisha, acha kiti na umwone mtaalamu wa viungo.